Neno la Kwanza la Binti wa Mjimwema

Wiki iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu kliniki, hapa Songea. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama kijana wa Mjimwema, amempakata binti yake wa mwaka na nusu. Watoto walikuwa wanalia, bodaboda zinanguruma nje, hata muuguzi akalazimika kupaza sauti.

"Ameanza kuongea?"

"Bado, dada."

"Hata neno 'mama' hasemi?"

Mama alitikisa kichwa. Hapo mzee mmoja aliyekaa nyuma yao akainua mkono ili afunge dirisha. Mtoto alijikunyata, akafunika uso kwa viganja, akasema: "Bathi, baba. Bathi."

Mzee wa watu alishusha mkono taratibu, dirisha akaliacha wazi.

"Baba yake hufungulia redio mpaka mwisho, majirani wasinisikie," mama alisema, machozi yakimtoka. "Nilidhani na mtoto hasikii."

Muuguzi aliwaingiza chumba cha ndani. Walipotoka, mama aliazima simu, akampigia kaka yake aje awapeleke kwao Matogoro.

Sisi watu wazima hupenda kusema mtoto mdogo haelewi kitu. Huyu, katika makelele yote ya nyumba ile, aliokota neno 'basi', ambalo mama yake alilisema kwa uchungu kuliko yote.

Kaka alifika, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Sema mjomba."

Mtoto alimtazama mama yake kwanza, kisha akafumba mdomo.