Tawi Bichi Njia Panda

Hasira hii ninayo tangu miaka ya sabini, na asinijie mtu kuniambia nisamehe. Hakuna aliyeniomba samahani.

Sisi tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini Nyakitonto, bibi akabaki kwa mjomba upande wa Heru Juu. Asubuhi moja tukaletewa habari kwamba amezidiwa na anamtaka mama. Tukaondoka saa ile ile, mama na mimi. Njia ya porini tuliijua wote wawili. Alasiri isingetukuta njiani.

Kwetu, anayetangulia akiona njia haifai, hukata tawi bichi akalilaza pale njia panda. Anayefuata haulizi. Labda daraja limevunjika, labda kuna nyati. Tulilelewa kulitii tawi.

Lakini wakata magogo walikuwa wamepita na trekta lao. Mininga tuliyoifanya alama wameiangusha yote, wamebeba magogo, wametuachia takataka. Tulipofika njia panda, tawi bichi limelala kwenye njia yetu.

"Wametufungia," mama akasema. "Tupite huku."

Huku kulikuwa kupana, kumechimbwa na magurudumu. Tukapita, wajinga wawili wenye adabu zao, mpaka jua likawa utosini. Tukatokea kwenye uwanja uliojaa magogo, na njia ikaishia hapo hapo.

Nikamuuliza msimamizi wao ni nani aliyeifunga njia ya Heru Juu. Akacheka.

"Nani afunge njia? Hayo matawi tu, bwana. Tukikata, yanaanguka popote."

Popote! Nilitamani kumzaba kibao. Mama akanivuta mkono, akamwambia, "Asante, baba." Ile asante iliniuma kuliko kicheko chenyewe.

Tukarudi tulikotoka. Safari hii tuliruka kila tawi, tukitafuta kwa nyayo ule udongo mgumu uliokanyagwa na watu miaka nenda miaka rudi. Mahali pengine ulikuwepo chini ya majani, pengine magogo yaliyoburutwa yalikuwa yameuchimbua wote. Tulipoupoteza, mama alipiga magoti akapapasa ardhi kwa viganja. Mtu mzima, anapapasa njia ya kwao kama kipofu! Nililaani mpaka koo likakauka, naye hakunikataza.

Tulifika jua linazama. Uani watu walikuwa wamejaa, wanawake wanalia. Mjomba akampokea mama, wala hakumlaumu kwa kuchelewa. Alimweleza tu kwamba kutwa nzima bibi alikuwa akiuliza kama binti yake amefika, na wao wakimjibu yuko njiani. Jioni ile akawaambia wauache mlango wazi, mama asije akafika akadhani amelala.

Tuliukuta wazi. Mama akaingia, akakaa kitandani, akamshika mkono. Ulikuwa bado una joto.