Januari ya Ljubinka

Mtaani kwetu Niš, huku Serbia, Ljubinka Stamenković akipita tu, watu wanakunja suruali wamwonyeshe miguu.

"Daktari, hebu tazama mishipa hii!"

"Mimi si daktari, baba. Wao wanatibu, mimi napiga hesabu kujua kama wametibu kweli."

"Basi nipigie, goti linaniua!"

Takwimu, somo lililonitimua mimi chuoni, yeye alilipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Miaka mingi alizisafisha namba za wakubwa, hadi alipokabidhiwa utafiti wake mwenyewe: kidonge kipya cha presha. Kompyuta ikapiga kura. Nusu ya wagonjwa wapewe dawa, nusu kidonge cha unga mtupu, na asijue mtu nani kapata nini mpaka mwisho. Profesa Vukašin, mwenye kidonge, na mwenye tumbo linalomtangulia mlangoni, alikuwa ameshaagiza mwanakondoo wa kuchoma kwa ajili ya ushindi.

Januari presha ikaruka. Mchoro ukasimama wima kama mkia wa paka aliyeona mbwa.

"Futa Januari," Profesa akaamuru. "Mashine ziliharibika."

"Mashine ni nzima. Profesa, tarehe ishirini ulikuwa wapi?"

"Nyumbani! Slava yetu, sikukuu ya Mtakatifu Jovan, mlinzi wa ukoo. Nguruwe mzima, rakija kali ya kuchoma koo..."

Siku ile nusu ya Niš huwa wenyeji, nusu wageni. Kesho yake ndipo wagonjwa walipokuja kupimwa, macho mekundu, midomo ikinuka kitunguu.

"Wa dawa wamekula, wa unga wamekula," Ljubinka akasema. "Kura imewagawa, na nguruwe hakubagua. Sifuti kitu."

"Binti, utafiti huu ukianguka, kazi huna."

"Nianguke na namba zangu zote, Profesa."

Siku ya kufungua siri ya kura chumba kilifurika, hata mpishi alikuja. Ljubinka akabonyeza. Mistari miwili! Mmoja umeparamia Januari hadi dari. Mwingine umenyanyuka kidogo, ukatulia. Akasoma jina la uliotulia. Akasoma tena. Kiti kikaruka huku, yeye kule.

"Dawa! Dawa imemshinda nguruwe!"

Bila Januari, mistari ile ingekaribia kugusana, na kidonge kingezikwa.

Profesa akambusu mashavuni mara tatu. "Si nilisema mimi? Januari ndiyo roho ya utafiti!"

Mwanakondoo akaliwa hadi mifupa ikang'aa. Ljubinka, mdomo umejaa, akasimama juu ya kiti na kutangaza amri yake ya kwanza ya ukubwa: kesho asipimwe mtu presha.