Kiti Hakiuzwi

Mama Sindano alipolitoa gari bandani asubuhi ile, moshi ulitoka nyuma mweupe, mzito, kama wa kuni mbichi. Muuza mkaa wa jirani akakohoa kwa makusudi.

"Leo linapika nini, mama?"

"Linapika umbea wako. Sogea."

Akasogea. Gari lilikuwa la milango miwili, fupi, limelalia chini kama paka anayevizia. Rangi yake ya buluu ilikuwa imepauka. Kwenye sakafu, upande wa abiria, chesisi ilikuwa imeliwa na kutu hata ukikaa pale unaiona barabara ikipita chini ya miguu yako. Lakini ukilikanyagia mafuta bado lilipiga ule mluzi wa turbo, na watoto wa mtaa mzima walijua nani anapita.

Zamani lilikuwa la mumewe. Watu walimwita Upepo, naye jina lilimpendeza kuliko alilopewa na baba yake. Kila mvua zilipokatika, madereva walikutana kwenye barabara ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa, wakapanda mlima mmoja mmoja kwa kupimwa saa. Upepo alipanda, watu wakapiga makofi. Mkewe alibaki bandani akishona viti vya magari ya watu, kwa sababu makofi hayachemshwi yakaliwa.

Hakusoma. Baba yake alisema msichana darasani ni mbegu juu ya mwamba. Ufundi alifundishwa na mjomba, na mpaka leo anapima kwa shubiri na vidole. Mteja akitoa futi ya chuma humwambia airudishe mfukoni, asije akaichafua.

Siku Upepo alipoua injini mlimani, gari lilivutwa kwa kamba hadi bandani. Wiki ile ile akafungasha nguo zake kwenda kwa mwenye saluni, mwanamke ambaye Mama Sindano alikuwa amemshonea viti vya kusukia nywele na kumpunguzia bei. Upepo alisimama mlangoni akaangalia ndani kama mtu anayekagua stoo.

"Gari limezeeka," alisema. "Na humu ndani hakuna kisichozeeka. Kaa navyo."

Kaka yake Mama Sindano, aliyekuwepo, alimtaka basi aandikishe kadi ya gari kwa jina la dada yake, asije akarudi kudai. Upepo akacheka, akaandikisha. Nani angedai chuma kilichokufa?

Basi na akae huko. Mama Sindano alilia siku za kulia zilipokuwepo, kisha akamwita Mzee Grisi, fundi injini wa barabara ya pili. Wakafanya kazi kwa kazi: yeye alimshonea viti vya magari ya wateja wake, naye akaifungua injini ile kipande kwa kipande mpaka ikapumua.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo. Upepo ni mrefu kama nguzo ya umeme, na Mama Sindano ukimwona kwa mbali utadhani amekaa. Alipoingia kwenye gari, miguu haikufika kwenye klachi na macho hayakuvuka usukani. Mzee Grisi akacheka mpaka akakaa chini.

"Cheka umalize," Mama Sindano alimwambia. "Halafu ulete mashine ya kuchomelea."

Akakikata kiti cha dereva. Akaondoa reli za kukisogeza mbele na nyuma, akakichomelea juu ya fremu ya chuma, kikapanda juu na kwenda mbele, kikakomea hapo. Akajaza sanduku mchanga uliolowa, akakaa ndani yake vizuri kama anayeendesha, akainuka polepole. Alama ya mgongo na makalio yake ikabaki mchangani, naye akakata sponji kwa kuifuata. Juu akavalisha masalio ya ngozi nyekundu ya kazi za watu: kipande hiki kilitoka kwenye kiti cha daktari, hiki kwenye gari la maharusi, na kile cha begani kilitoka kwenye gari la kubebea maiti.

"Hicho cha begani ungekiacha," alisema Mzee Grisi.

"Hicho ndicho kinachonikumbusha kushika breki."

Msimu uliofuata akapeleka gari mlimani. Walimcheka. Msimu wa pili walimcheka wachache. Wa tatu, waliokuwa wakicheka walikuwa nyuma yake. Sasa gari lilikuwa limechoka kweli, gia ya tatu ilikataa kukaa, na vipuri vyake havipatikani hata kwa dawa. Mwenyekiti wa madereva alimshika bega kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko tusi, akamwambia: "Mama yetu, mmefanya makubwa. Sasa mpumzike wote wawili."

"Gari litapumzika," alijibu.

Ndiyo sababu asubuhi ile alikuwa anakwenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika, Mzee Grisi kando yake, miguu ameikunja kuepuka lile tundu, na kaka yake akifuata na gari lake la kifamilia, jeupe, safi, la mtu asiyetaka neno na mtu.

Kaka na binti yake Mama Sindano walikuwa wamemwekea kikao tangu juzi.

"Mama, chukua gari la heshima," binti alisema. "Lenye milango minne. Wajukuu watapanda wapi?"

"Mgongoni kwa baba yao."

"Dada, na umri huu?" kaka akadakia. "Watu wanasemaje?"

"Wanasema nini, kaka? Nitajie mmoja aliyekuja kusema wakati sina unga."

Kaka akatoka nje na simu yake. Na simu ile, kama ilivyokuja kuonekana, haikuwa ya bure.

Yadini, muuzaji aliyevaa tai alimpita Mama Sindano akaenda kumpa mkono kaka mtu. "Karibu, mzee. Unatafutia familia?"

"Anayenunua ni huyu," alisema Mzee Grisi, akionyesha chini.

Mama Sindano alikuwa ameshaliona. Lilikuwa pembeni, la kijivu, mdogo wa lile la buluu, tumbo moja baba mmoja, ila limezaliwa miaka mingi baadaye. Milango miwili. Limetumika, ndiyo, ubavuni lina mkwaruzo, na kiti cha dereva kimebonyea upande kwa uzito wa mtu mwingine. Mzee Grisi alilala chini yake, akatoka na vumbi na tabasamu. Walilipeleka barabarani, Mama Sindano amejiwekea mito miwili, na liliposhika mwendo alihisi tumbo likibaki nyuma kidogo. Walirudi, akazima, akabaki ameshika usukani kama anayemshika mtoto asidondoke.

"Lile la buluu mtalichukua, hilo la kijivu nitalichukua," alimwambia muuzaji. "Pengo la bei lililobaki nitalishona. Nimeyaona magari yako, nusu yana viti vilivyochanika, na mteja akiona sponji anakimbia."

Muuzaji alizunguka yadi kwa macho yake mwenyewe, akaona ni kweli. Wakakubaliana, wakapeana mikono. Na mikono haijaachana, sauti ikatoka getini:

"Hilo gari habadilishi mtu!"

Alikuwa Upepo. Nywele zimetiwa rangi nyeusi mpaka masikioni, koti la mbio la zamani limegoma kufunga tumboni. Mama Sindano hakumtazama yeye. Alimtazama kaka yake.

Kaka akajikuna shingo. "Nilimwita aje akushauri tu, dada. Si ndiye anayeyajua magari?"

Lo! Mtu wa tumbo moja na wewe. Yule yule aliyeshuhudia kadi ikiandikwa.

"Mama watoto," Upepo alianza, kwa sauti ya mtu anayezungumza na umati, "gari lile lina jina langu kule mlimani. Mimi ndiye niliyelipatia sifa. Huwezi kulitupa kwa wauza vyuma. Nimekuja kulichukua nikalitunze."

"Ulitunze kama ulivyotunza nini?"

"Tusikumbushane ya zamani."

"Gari lenyewe ni la zamani, bwana."

Muuzaji alirudisha mkono wake mfukoni. "Mimi sipendi magari yenye kesi," alisema. "Malizeni kwanza ya nyumbani, mama. Hili la kijivu lina mtu mwingine anayekuja mchana."

Mama Sindano alilitupia jicho lile la kijivu. Angeweza kutoa kadi, na kadi ilikuwa kifuani, imefungwa kwenye leso. Lakini alimjua Upepo. Ungemwonyesha kadi, angesema mke na mume mali ni moja, angeita mashahidi, angeimba mpaka mchana ufike na yule mteja mwingine aje. Maneno ndiyo kazi aliyoiweza. Akamrushia ufunguo.

"Unasema ni lako? Liendeshe kutoka hapa mpaka getini. Likifika na wewe, nenda nalo, sitakufuata."

"Umelewa?" Mzee Grisi alinong'ona.

"Niache."

Upepo alicheka, akaudaka ufunguo kwa mkono mmoja kama enzi zake, akafungua mlango. Akaingiza mguu. Akaingiza kichwa. Kichwa kikagota kwenye paa. Akatoa kichwa, akaanza na makalio, na makalio yakakuta shimo lisilo la kipimo chake. Alipofanikiwa kukaa, magoti yalikuwa yamepanda sambamba na masikio, na tumbo limeubana usukani. Honi ikaanza kulia. Ikalia, ikalia, wateja wakatoka maofisini kuangalia nani anaita.

Akapapasa chini kutafuta mkono wa kusogezea kiti. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia. Kulikuwa na chuma tu kilichochomelewa.

"Hiki kiti kinarudije nyuma?" alipiga kelele juu ya honi.

"Hakirudi," alisema Mama Sindano.

Akaamua kuacha mlango wazi na mguu mmoja nje. Injini ikawaka, maana injini ile haikuwa na kinyongo. Alipoachia klachi kwa ncha ya kiatu, gari likaruka kama chura, likazima. Akawasha tena. Likaruka, likazima. Mlinzi wa yadi, mtu mzima wa watu, aliliacha geti akaenda kujiegemeza ukutani akicheka mpaka machozi. Walimtoa Upepo kwa kumvuta, Mzee Grisi mkono huu na kaka mtu mkono huu, na honi ikanyamaza.

"Umeliharibu gari langu!" alisema, akijipukuta.

"Nimelikata kwa kipimo changu."

"Nitakitoa hicho kiti. Nitaweka cha mtu."

"Kiti natoa mimi," Mama Sindano alisema, akafungua kisanduku cha spana.

Alipiga magoti hapo hapo kwenye changarawe, na gauni lake zuri. Bolti za mbele zilikubali. Moja ya nyuma ikakataa kwa kutu, akaipiga kwa nyundo, akaitukana, ikalegea. Alikitoa kiti kizima na fremu yake, akakikumbatia kama mtu anayetoka na mgonjwa kwenye nyumba inayoungua. Kisha ndipo akafungua leso, akampa muuzaji kadi. Muuzaji akaisoma, akamtazama yeye, akamtazama Upepo, akaelewa.

"Gari ni lenu," Mama Sindano alisema. "Kiti hakiuzwi. Kiti hakimo kwenye biashara yetu."

"Kiti cha nini, mama," muuzaji alisema, akijizuia kucheka. "Mimi nitalichinja nipate vipuri." Akamgeukia Upepo kwa adabu zote za kazi yake. "Ila kama wewe bado unalihitaji, bwana, karibu uninunulie mimi. Nitakutafutia hata ndoo ya kukalia."

Upepo aliangalia viatu vyake. Akasema ana miadi, akatoka getini, na mlinzi akamfungulia geti lote kama anayepitisha lori.

Kukifunga kile kiti kwenye gari la kijivu kuliwachukua muda. Matundu mawili yalikutana, mawili Mzee Grisi aliyatoboa upya. Kilipokaa, kiti chekundu cha viraka ndani ya gari lile nadhifu kilionekana kama jino la dhahabu. Mama Sindano alipowasha, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi na haikutaka kuzimika.

"Hiyo inalalamikia kiti," alisema Mzee Grisi. "Haya magari mapya yanajua kila kitu. Linauliza aliyekaa humo ni nani."

"Litanizoea."

Akakata kipande cha ngozi, akakipaka gundi, akaifunika ile taa.

Gari la kaka mtu likawa limezibwa na lori la yadi, hivyo ikabidi aombe kupelekwa nyumbani na kurudi baadaye. Alikaa kando ya dada yake, magoti pamoja, kama mtu anayejua alichofanya. Mzee Grisi alijipenyeza nyuma, mahali palipotengenezwa kwa ajili ya mifuko.

Walipokata kona ya barabara kuu walimwona Upepo mbele yao, anatembea ukingoni, koti begani, rangi ya nywele imeanza kumchuruzika shingoni kwa jasho.

"Dada," kaka alisema kwa upole. "Jua kali. Simama basi tumchukue. Ni baba wa watoto."

"Milango miwili, kaka. Mlisema wenyewe haitoshi familia."

Akarudisha gia moja, ili ausikie vizuri mluzi wa turbo, akakanyaga mafuta.