Siku Mama Alipogandisha Plastiki Yangu

Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni na kupata diploma, na akili yangu ilipita vilima vyote vya Masisi kwa urefu. Nyumba ya mama ni ya udongo, na mvua ilikuwa imekula ukuta wa upande wa kitanda chake, karibu uanguke. Nikaapa kuupaka plastiki ya kutengeneza mwenyewe.

Mwalimu wetu wa kemia alinipa chupa ya dawa kali inayogeuka plastiki. Moja tu. Nikafanya kama alivyotufundisha: maji, sabuni, udongo mweupe laini kuliko unga, halafu dawa tone kwa tone, sufuria ikikaa ndani ya maji ya moto, nami nakoroga uani. Sabuni njo inazuia matone yasishikane; udongo njo mifupa ya plastiki. Baada ya saa kama mia moja hivi, sufuria ikawa nyeupe, nzito. Nikapaka kidogo kwenye kioo, ikakauka kuwa ngozi. Nikaivuta: haikukatika! Nikakimbia kwa jirani kuomba burashi.

Kurudi, burashi ikaniponyoka. Ndani ya sufuria, mabonge tupu yalielea kwenye maji! Mama, mufanya jibini tangu usichana wake, alisimama pale na kopo la maji machachu ya jibini ya jana.

“Maziwa yako ilikuwa inakataa kuganda, nikaisaidia.”

“Mama! Ile haikuwa maziwa!”

“Nyeupe, ya vuguvugu, iko mu sufuria. Ulitaka niseme iko maharagi?”

“Iko plastiki! Ya ukuta wako! Ule uchachu umeshinda sabuni, yote imeshikana!”

“Diploma yote ile, na hukufunika sufuria?”

Nikakaa chini. Yeye akachota mabonge kwa kitambaa, akayakamua, akayabana kati ya mbao mbili na jiwe juu, vilevile kama jibini. Nilidhani ananicheka. Jioni akafungua: kipande kipana, kinapindika kama ngozi ya ng’ombe! Tukakipigilia penye ukuta ulioliwa.

Kesho yake ikanyesha mvua ya kuhamisha milima. Maji yakateleza juu ya kile kipande, ukuta ukasimama.  Mama akapapasa upande wa ndani.

“Huku iko kavu. Na zile kuta tatu, Papa Diploma?”

Chupa ilikuwa tupu. Nikashika njia ya kwa mwalimu kuomba nyingine, nikitafuta namna ya kumweleza ni nani aliyemaliza kazi.