Yuko Taabani

Wiki iliyopita nilirudi Mbagala kutafuta kitenge. Muuzaji, msichana mcheshi, alikuwa akijipepea kwa kipande cha boksi. "Dada, jua hili! Mie leo niko hoi taabani," akasema, akacheka. Nikasahau hata rangi niliyoifuata. Wewe uliyekulia mtaa mwingine utaniona wa ajabu, lakini nyumbani kwetu neno "taabani" halikuchezewa.

Bibi aliyenilea alitoka Lindi na desturi zake zote. Alfajiri alikaanga vitumbua barazani, na harufu ya iliki ndiyo iliyoniamsha. Kuumwa, kwake, kulikuwa na ngazi. Mtu wa mafua hajisikii vizuri. Mwenye homa kali, mwili wake hauna raha. "Taabani" alilitamka mara chache, kwa sauti ya chini, na kila alipolitamka juu ya mtu, baada ya siku mbili tatu nilimwona anakung'uta mkeka wa kwendea msibani. Kwa akili zangu za miaka tisa nikaamini kwamba neno ndilo linaloua. Jirani mmoja alipojisemea yuko taabani kwa kubeba ndoo za maji, nilimchungulia siku tatu nzima nione kama atakufa. Hakufa, nikadhani ni bahati yake tu.

Kisha bibi mwenyewe akaanza kulala ameketi, mgongo ukutani, maana akijilaza pumzi zinambana. Asubuhi moja nikamshika mkono tukaenda zahanati. Foleni ilifika mpaka nje. Nesi akatoka kuchagua wagonjwa wa kupitishwa mbele, akamwona bibi amefumba macho, akaniuliza mimi.

"Binti, bibi yako yuko taabani, au anaweza kusubiri?"

Nilijua hawezi.

"Hayuko taabani," nikasema. "Anaweza kusubiri."

Nesi akapita kwa mwingine. Bibi akanibana mkono kwa nguvu kidogo alizokuwa nazo. "Umejibu vyema, mjukuu wangu," akasema, kila neno kwa pumzi yake. Zamu yetu ilifika baada ya adhuhuri. Jioni ileile akafariki.

Mpaka leo sielewi. Alinisifu kwa kuwa naye aliliogopa neno lile, au aliona nimekosea akanihurumia? Angepitishwa mbele, angepona? Nimewauliza watu wazima, kila mmoja ana jibu lake, na hakuna hata moja linalonituliza.

Nyumba yetu sasa ni duka la vigae. Barazani hakuna anayekaanga kitu, na watu waliokuwa wakipima neno kabla ya kulitoa wamekwisha, mmoja mmoja. Najuta, ila sijui hasa najutia nini. Nilitaka bibi yangu aishi. Ndiyo maana nilimwambia nesi anaweza kusubiri.