Klachi Iliyolika na Mbuzi wa Mwikali

Haya, sogeeni hapa mnicheke, Kitui yote imeshanicheka, mmebaki nyinyi tu.

Nilikuwa kazi Makindu, nakufa na hamu ya mchumba wangu Mwikali, wa huko Tulia. Hata usingizini nilikuwa nasikia akiniita, naamka naitika. Nikaazima pikipiki ya tajiri wangu, nikafunga mbuzi wawili wa mahari huko nyuma.

Fundi akanionya: "Klachi imelika. Ukisikia injini inalia na gurudumu haisongi, imekwisha hiyo. Niachie hao mbuzi nikuwekee mpya."

"Mbuzi wa Mwikali? Afadhali ukate mguu yangu!"

Kilima cha Tulia, injini ikanguruma kama simba saba, pikipiki imesimama tu. Harufu ya kuungua ikaja, nikasema kuna mtu anachoma nyama. Nikashusha mbuzi nipunguze mzigo. Wakaogopa kelele, wakatimua mbio mpaka kwa kina Mwikali, boma ya kwanza huko juu.

Nikafika nasukuma, jasho ungeweza kunywesha ng'ombe. Mwikali amekumbatia mbuzi. Mama yake akapiga kelele: "Mwikali, wewe olewa na mbuzi! Hao ndio walikuwa na hamu ya kukuona!"