Dada na Inspekta Mfupi

Dada yangu alikuwa na banda la video nyuma ya stendi ya Same. Wateja wake walipenda zaidi zile filamu za Kifaransa za kuchekesha, za jambazi mkuu mwenye kinyago anayeiba almasi na hata sura za watu, huku inspekta mfupi, mwepesi wa hasira, akimkimbiza bila kumpata.

Dada hakujua Kifaransa hata neno moja. Alishika kipaza sauti, akatunga maneno yake mwenyewe. Jambazi alimpa Kiswahili laini cha Dar es Salaam. Inspekta akamfanya Mpare wa milimani, mbishi, anayeapa kwenda mahakamani hadi rufaa kwa sababu ya kuku. Watu walicheka mpaka wakadondoka kwenye mabenchi.

Mwaka juzi sauti ilianza kumkauka. Tukadhani ni vumbi, tukamchemshia tangawizi. Aliposhindwa kumeza ugali ndipo tukaenda hospitali, tukaambiwa ni saratani ya koo. Walimfanyia upasuaji, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Alipozinduka alifungua kinywa aniite. Hakikutoka kitu.

Nilimpandisha milimani, Suji, nyumbani kwa mama, nikaleta televisheni na filamu zake. Mama alikaa nasi, akatazama, akauliza, "Sasa hawa wanasema nini?"

Dada akanigeukia, akanyooshea kidole mdomo wangu.

"Mimi siwezi, dada."

Akanipiga kofi dogo gotini.

Nikaanza kwa aibu: "We jambazi! Kuku wangu yuko wapi? Tutaonana mahakamani!"

Mama akacheka. Dada akatikisa kichwa: sivyo. Akakunja uso, akatumbua macho, akanionyesha hasira ya inspekta inavyopanda. Nikapaza sauti zaidi. Mabega yake yakaanza kutikisika, machozi yakamtoka, na pale shingoni pumzi ikapita kwa mluzi mdogo. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko chake. Nilitaka kunyamaza nikisikilize, lakini alinipungia mkono niendelee.

Tulitazama hivyo karibu kila alasiri, ukungu ukishuka. Kisha akawa anasinzia katikati. Siku moja jambazi alipotoroka kwa mara nyingine, niligeuka nimwone anavyocheka, nikamkuta amegeukia ukutani. Nikaizima televisheni.

Alifariki wakati wa masika. Barabara ilikuwa imekatika, waliotoka Same wakapanda kwa miguu. Baada ya maziko mwanamume mmoja nisiyemfahamu, suruali imejaa tope, alinifuata.

"Mimi ni kondakta pale stendi," alisema. "Mke wangu alipofariki, miezi mingi sikucheka. Nilicheka tena bandani kwa dada yako. Sikuwahi kumwambia."

Mama akamshika mkono, akamwongoza jikoni, akakaushe miguu penye moto.